MAMBO YA BUSTANI: Kaktasi Iliyobebeshwa na Vitoto Vyake

Katika mji wa Kisumu, kando ya barabara ambako wauzaji wa miche hupanga vikopo vyao, hukutwa mara nyingi kaktasi ndogo yenye kichwa chekundu kama pilipili mbivu, au cha manjano, kilichokaa juu ya shina la kijani lenye pembe tatu. Mnunuzi huipeleka nyumbani, akaiweka dirishani au juu ya meza yake ya ofisini, naye huamini kwamba amenunua mmea mmoja. Sivyo. Amenunua mimea miwili yenye asili mbili na tabia mbili, na mmoja anamchukua mwenzake mgongoni kama mama amchukuavyo mtoto. Baada ya mwaka mmoja au miwili kichwa huzaa vitoto ubavuni, shina nalo hutoa machipukizi yake, na mwenye mmea hutamani kuvitenga na kuvipanda. Hapo ndipo hasara huanza; maana asiyejua ni kipi kiwezacho kusimama peke yake, na kipi kisichoweza, hukata, hupanda, hutia maji kila asubuhi, na baada ya majuma matatu hutupa uozo.

Neno kubebesha si geni kwa mkulima wa matunda. Mwenye miembe ya Apple au Ngowe anajua kwamba mche alionunua una shina la mwembe wa kienyeji chini na tawi la mwembe mteule juu, vilivyofungwa pamoja mpaka vikashikana. Mwenye michungwa anajua vile vile kwamba chipukizi litokalo chini ya kiungo ni la mlimau wala si la mchungwa, na asipoliondoa litaunyima mchungwa chakula. Kaktasi hufuata desturi hiyo hiyo. Katika maelezo haya mmea wa juu na uitwe mbebwa, na ule wa chini mbebaji. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa: kikonyo cha mwembe kikishushwa kutoka shinani hakina budi kufa, lakini kaktasi nyingi zikishushwa zaweza kuota mizizi yao wenyewe na kuishi. Nyingi, wala si zote.

Kwanza yafaa jina liwekwe sawa. Ile kaktasi ya vipande bapa Waswahili huiita mpungate, na kamusi zina neno dungusi. Mjini watu wengi husema kaktasi tu. Katika nchi ya ziwa, hata hivyo, wako wengi waihesabuo ojuok kuwa kaktasi, kwa sababu haina majani ya kuonekana na haijali jua. Ojuok, ambayo kwa Kiswahili ni mnyaa, ni mti wa Afrika, nao ni wa ukoo mmoja na mhogo na mbarika. Kaktasi ni za ukoo mwingine kabisa, na asili yake ni Amerika; katika ukoo huo wote ni aina moja tu, ile ining'iniayo juu ya miti ya misituni, ambayo huota Afrika bila kuletwa kuwa pambo. Njia ya kuzitambua ni kukata na kutazama. Ojuok hutoa maziwa meupe mengi, nayo ni hatari: yakiingia jichoni huchoma vibaya, na mtu aweza kukaa siku kadhaa asione vizuri. Aliyepatwa na ajali hiyo aoshe jicho kwa maji safi mengi papo hapo, kisha aende hospitali bila kungoja kesho. Kaktasi karibu zote hutoa maji yasiyo na rangi. Ziko chache, kama baadhi ya zile ziitwazo Mamilaria, zitoazo maziwa pia. Kwa hiyo itazamwe na miiba, ambayo katika kaktasi hutoka daima kwenye kijito kidogo chenye manyoya, jambo lisilopatikana katika jamii ya ojuok. Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Mtu akijaribu kubebesha kaktasi juu ya ojuok, kwa kuwa ojuok iko tele uani, atapoteza kaktasi yake, maana koo hizo mbili hazishikani kamwe.

Lakini katika jambo moja ojuok ni mwalimu mwema. Wazee wa nchi hii, ambao wamezungushia maboma yao ua wa ojuok tangu zamani, hawachomeki ardhini tawi linalotiririka maziwa. Hulikata, hulilaza kivulini mpaka maziwa yakome na kidonda kifunge, ndipo hulipanda. Kijana aliyetoka mjini akiwa na haraka ya kumaliza ua siku moja huambiwa angoje. Kanuni hiyo ndiyo nusu ya elimu yote ya kuotesha kaktasi, na karani aliyelelewa katika boma la namna hiyo alikuwa nayo kabla hajajua kusoma.

Nusu ya pili ni kujua kwa nini mmea ulibebeshwa. Ziko sababu tatu. Baadhi ya kaktasi hukua polepole mno kwa mizizi yake, hata mtu aweza kungoja miaka mingi kabla ya kuona ua moja. Zikiwekwa juu ya mbebaji mwenye nguvu, hukua upesi. Nyingine zina mizizi dhaifu ioza kwa maji kidogo tu. Na za namna ya tatu haziwezi kuishi kwa njia nyingine yo yote, nazo ndizo zile za vichwa vyekundu na vya manjano.

Habari ya vichwa vyekundu yastahili kuelezwa. Mmea wenyewe huitwa kwa jina la kisayansi Gymnocalycium mihanovichii, nao asili yake ni nchi ya Paraguay, ambako ni kaktasi ndogo ya rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, isiyo na jambo la ajabu. Mnamo mwaka 1941 Mjapani mmoja, Eiji Watanabe, aliona katika mbegu alizootesha miche michache iliyotoka myekundu kabisa. Mche wa namna hiyo hauna klorofili, yaani ile rangi ya kijani ambayo kwayo mmea hujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Ukiachwa katika udongo hufa mara akiba ya mbegu ikiisha. Watanabe aliiwahi akaibebesha juu ya kaktasi ya kijani, ikaishi. Kutokana na miche ya Japani ya wakati ule zikaenea duniani kaktasi hizi za rangi, na leo nchi izipelekayo nje kwa wingi kuliko zote ni Korea ya Kusini. Kila kichwa chekundu kilichoko Kisumu ni kitoto cha kitoto cha kitoto, kilichohamishwa kutoka mgongo mmoja hadi mwingine pasipo kugusa ardhi hata mara moja.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kisu kutoka alani, ni hili: mbebwa ana rangi gani? Akiwa wa kijani, ajua kupika chakula chake, naye aweza kushushwa. Akiwa mwekundu, wa manjano au wa waridi tupu, asishushwe hata kidogo. Hata akiota vimizizi, kama itukiavyo mara moja moja, vimizizi vile vitamletea maji tu. Chakula hana wa kumpikia. Ataonekana mzima kwa majuma kadhaa kwa sababu ya akiba iliyomo mwilini mwake, kisha atanywea. Wako pia wenye mabaka, nusu kijani na nusu nyekundu. Hao hubahatisha, mwenye mmea mmoja tu asijaribu bahati hiyo.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa mbebwa wa kijani anastawi mgongoni, kwa nini ashushwe? Jibu la kwanza ni kwamba mbebaji huzeeka. Shina lile la pembe tatu hunenepa kwa namna yake, na mbebwa kwa namna yake, na baada ya miaka michache kiungo huachana au shina hugeuka kuwa gumu kama mti likashindwa kupitisha maji ya kutosha. Kichwa kikubwa juu ya shina jembamba pia huangushwa na upepo wa ziwani alasiri moja, na kikopo kikavunjika.

Jibu la pili lawahusu hasa watumishi wa serikali. Shina la pembe tatu ni la kaktasi ya pitaya, mmea wa nchi za joto za Meksiko na Amerika ya Kati. Kisumu iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,130 tu, na usiku wake ni wa joto. Hapo pitaya hukaa raha. Lakini karani akipata barua ya uhamisho kwenda Kericho, Limuru au Nyahururu, mmea alioubeba garini pamoja na vyombo vyake utakutana na usiku wenye baridi. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 mara kwa mara, na udongo ukiwa umelowa, pitaya huanza kuwa na madoa, kisha hulainika kutoka chini. Mbebwa aliye juu, ambaye pengine angeivumilia baridi ile pasipo shida, hufa kwa ugonjwa wa mbebaji wake. Mwenye kaktasi ya kijani aliyepata barua ya namna hiyo afadhali aishushe ingali Kisumu, kwenye joto la kuoteshea mizizi, akaenda nayo ikiwa imekwisha kujitegemea.

Jibu la tatu ni uozo, nalo halimpi mtu nafasi ya kuchagua siku. Katika majira ya mvua kubwa, Machi hadi Mei, yale ambayo Wajaluo huyaita chwiri, kikopo kilichoachwa nje hujaa maji. Shina huanza kuwa la kahawia karibu na udongo, likibonyezwa huingia ndani kama ndizi iliyoiva mno. Siku hiyo hiyo likatwe. Ukataji uanze juu ya sehemu iliyooza, na baada ya kila kipande kisu kifutwe na uso mpya utazamwe: ikiwa katikati mna duara ya kahawia au chungwa, hata kama nyama ya pembeni ni safi, uozo umekwisha kupanda kwa njia ya mishipa, na sharti kukata tena juu zaidi. Kazi haijaisha mpaka uso wote uwe mweupe au wa kijani safi. Mwenye huruma akaacha doa dogo kwa kuonea mmea uchungu, ameuacha ufe.

Hapo kichwa chekundu nacho chaweza kuokolewa, kwa sharti moja. Kikibaki kipande kizima cha shina la kijani chini yake, tuseme cha urefu wa vidole vinne, kipande hicho chaweza kukaushwa na kuoteshwa mizizi kama tawi jingine lo lote la pitaya, kichwa kikiwa bado mgongoni. Lakini asizike shina lote kwa kutaka kichwa kikae vizuri juu ya udongo. Shina ndilo jiko la mmea huo; likifunikwa udongoni moto umezimwa. Sentimita mbili ardhini zatosha, na fimbo nyembamba ya kuliegemeza.

Sasa kukata kwenyewe. Kisu kiwe kikali chenye bapa jembamba, kwa maana kisu butu huponda nyama, na nyama iliyopondwa huoza kabla ya kukauka. Wembe mpya hufaa kwa vitoto vidogo. Kisu kifutwe kwa spiriti ya dukani kabla ya kazi na baada ya kila mmea, na mwenye kukata ashike kaktasi kwa gazeti lililokunjwa mara nne au kwa kitambaa kinene. Akate kwa mwendo mmoja, juu kidogo ya kiungo, ndani ya nyama ya mbebwa mwenyewe. Kisha atazame. Mara nyingi ataona katikati ya kidonda kipande cha duara chenye rangi tofauti, ambacho ni ncha ya mbebaji iliyobaki ndani. Kama kimo, apunguze tena safu nyembamba mpaka nyama iwe ya rangi moja, isipokuwa ile duara ndogo ya mishipa ambayo kila kaktasi inayo. Kipande cha mgeni kikiachwa peke yake ndani ya mwili hufa, na kikifa huozesha jirani zake.

Baada ya hayo kingo za kidonda zichongwe kwa mshazari, kama mtu achongavyo penseli. Watu wengi huliruka jambo hili nao hujuta. Kidonda kikikauka, nyama ya katikati hunywea na kuvutwa ndani, bali ngozi ya pembeni ni ngumu haivutiki. Matokeo yake ni shimo kama kikombe, na mishipa, ambayo ndiyo hutoa mizizi, hubaki juu haigusi mchanga. Kuchonga kingo huifanya mishipa iwe mbele. Unga wa salfa ukipatikana kwa wauza dawa za mimea, upakwe kidogo. Usipopatikana, unga wa mkaa uliosagwa hufaa. Kisha mbebwa awekwe kivulini penye hewa, akiwa wima juu ya kikombe kitupu au mdomo wa chupa, kidonda kisiguse kitu. Asilazwe. Kaktasi iliyolazwa muda mrefu hutoa mizizi ubavuni, na ncha yake hupinda kutafuta mwanga.

Siku za kungoja hutegemea ukubwa wa kidonda. Kitoto chenye kidonda cha upana wa punje ya hindi hukauka kwa siku tatu hadi saba. Kichwa kilichokatwa chenye kidonda cha upana wa shilingi hutaka majuma mawili. Kikubwa zaidi hutaka hata majuma manne, hasa hewa ya ziwani ikiwa na unyevu. Kidonda kilicho tayari ni kigumu na kikavu kama ngozi ya ngoma. Hakuna aliyepoteza kaktasi kwa kuikausha juma moja zaidi, maana mwili wake ni mtungi wa maji. Waliozipoteza kwa kuzipanda juma moja mapema ni wengi.

Udongo wa kuoteshea ndio jambo linalotaka uangalifu zaidi katika nchi hii. Mkazi wa Nyando au wa uwanda wa Kano asichote udongo wa mlangoni kwake. Udongo ule mweusi ni mwema kwa mpunga na miwa kwa sababu hushika maji. Ukilowa huvimba na kunata, ukikauka hupasuka nyufa na kukata mizizi michanga. Kaktasi huhitaji kinyume chake. Mchanga mnene wa mtoni au wa ufukoni ndio ufaao, na hapa watu wa ziwa wana bahati kuliko ndugu zao wa Mombasa, kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na mchanga wake hauhitaji kuoshwa mara nyingi kama wa bahari. Uoshwe hata hivyo, ili vumbi jembamba liondoke, lakini uoshwe nyumbani katika ndoo, kwa maji ya bomba au ya mvua. Asisimame mtu ziwani hadi magotini kwa kuosha debe moja la mchanga: kichocho kimo katika maji ya ufukoni, na waosha magari wa Kisumu wamechunguzwa na madaktari kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Mchanga ule uchanganywe na vipande vidogo vya matofali au vya mkaa, pasipo samadi. Samadi iliyooza kabisa itatiwa kidogo baadaye, mmea ukihamishiwa katika chombo chake cha kudumu. Mkebe wo wote hufaa, ukiwa na matundu ya kutosha chini.

Mbebwa aliyekauka hawekwi kwa kuzikwa. Huketishwa juu ya mchanga mkavu, akaegemezwa kwa vijiwe vitatu. Kwa siku za kwanza asipewe maji. Baada ya juma moja mchanga unyunyizwe kidogo jioni, kisha uachwe ukauke kabisa kabla ya kunyunyizwa tena. Mkebe ukae penye mwanga mwingi lakini si jua kali la adhuhuri, kwa kuwa mmea usio na mizizi hauwezi kurudisha maji unayopoteza. Kwa joto la Kisumu mizizi huonekana baada ya majuma matatu hadi sita. Aina nyingine hukaa miezi kadhaa zikiwa kimya, nazo bado ni nzima. Mtu asiuinue mmea kila asubuhi kuchungulia, maana mizizi ya kwanza ni laini, hukatika. Dalili njema ni kwamba mwili ulionywea huanza kujaa tena, na ncha hutoa miiba mipya yenye rangi angavu.

Vitoto ni kazi nyepesi zaidi. Kaktasi iliyobebeshwa huzaa kuliko ile iliyo juu ya mizizi yake, kwa sababu hulishwa mno. Kitoto cha kijani kikifikia upana wa sentimita mbili hivi, au kuanza kuonyesha vimizizi vyeupe kwenye shingo, kimeiva. Vile vilivyoshikwa kwa shingo nyembamba huzungushwa kidogo kwa vidole, vikatoka. Vilivyoshikana kwa upana hukatwa kwa wembe. Baada ya hapo ni kukausha na kupanda kama ilivyosemwa. Visivyofikia kipimo viachwe kwa mama yao. Wako watu ambao huvitoa vyote kwa siku moja ili wapate miche mingi ya kuuza, wakabaki na mama mwenye vidonda kumi na vitoto vyenye ukubwa wa njegere visivyo na akiba ya kuwafikisha kwenye mizizi.

Kitoto chekundu hakina budi kupata mgongo mpya. Tawi changa la pitaya, lililokwisha kuota mizizi yake, hukatwa ncha kwa usawa. Kitoto hukatwa chini kwa usawa. Na kabla nyuso hazijakauka, huwekwa kimoja juu ya kingine hata duara ya mishipa ya huyu iguse ya yule. Duara zikiwa na ukubwa tofauti, kitoto kisogezwe kando kidogo ili mistari yao ikatane, kwa maana zikiwa moja ndani ya nyingine bila kugusana hawatashikana. Hufungwa kwa nyuzi mbili za mpira mwembamba, zikipita juu ya kichwa na chini ya mkebe. Mpira wa tairi la ndani la baiskeli, ambao mafundi wa soko la Kibuye hawaukosi, ukikatwa vipande vyembamba hufaa pia, lakini usivutwe kwa nguvu ya kufungia mzigo. Baada ya majuma mawili kivulini, mpira hufunguliwa. Kitoto kikibaki kimejaa na kung'aa, kimepokewa.

Liko basi lile shina la zamani, ambalo mwenye mmea huona kuwa limekwisha kazi. Wengi hulitupa, nalo ndilo lenye thamani kuliko wote. Pitaya hii, ikikatwa kichwa, hutoa machipukizi pembeni. Yakiachwa yakakua hadi urefu wa mkono wa mtoto, kila moja laweza kukatwa, kukaushwa juma moja, na kuwa mbebaji mpya au mwanzo wa mmea wa matunda. Aina hiyo ndiyo ambayo wakulima wa Kenya wameanza kuipanda kwa ajili ya tunda la joka, nayo hupanda nguzo kwa kushika kwa mizizi yake ya pembeni na kuchanua maua meupe makubwa ambayo hufunguka usiku mmoja tu. Yafaa kuonya hapo kwamba mimea mingine ya pitaya haizai kwa chavua yake yenyewe, huhitaji ya jamaa mwingine wa aina tofauti. Na shina lililochaguliwa kwa kubeba halikuchaguliwa kwa kuzaa. Mtu anayetaka shamba anunue miche ya matunda kwa mkulima ambaye ameiona ikizaa. Lakini mwenye nguzo moja nyuma ya nyumba hapotezi kitu kwa kujaribu.

Vipande visivyotakiwa ndivyo vya mwisho, navyo visitupwe kichakani wala mtaroni. Kitu kiwezacho kuota mizizi baada ya kukaa majuma manne bila udongo hakifi kwa kutupwa. Huko Laikipia mpungate wa aina ya Opuntia stricta, uliotumiwa kwanza kuwa ua na pambo, umeenea malishoni; vipande vyake huota po pote viangukapo, na mbuzi walao matunda yake hujeruhiwa na miiba midogo mdomoni na tumboni. Katika miaka ya 2010 ililetwa huko aina ya wadudu wafyonzao mpungate huo ili kuupunguza. Watu wa Kisumu hawahitaji kusafiri hadi Laikipia kupata mfano. Gugu maji, lililoonekana katika upande wa Kenya wa ziwa karibu na mwaka 1990, lilichukuliwa kutoka Amerika ya Kusini likasambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake, nalo huzaa kama kaktasi izaavyo, kwa vitoto vya ubavuni. Mwaka 1997 wadudu wa kulila waliachiwa majini. Mwaka 1998 lilikuwa limefunika hekta zipatazo 17,000 katika ghuba ya Winam, mitumbwi ikashindwa kutoka, na bado hurudi. Mabaki ya kaktasi yakatwe vipande vidogo, yaanikwe juu ya bati mpaka yawe makavu kabisa, kisha yachomwe.

Kwa mwenye kutaka kuanza, majira bora ni kiangazi cha Januari na Februari, kile kiitwacho oro, ambapo vidonda hukauka upesi. Aliyekata mwanzo wa Januari atakuwa na mizizi kabla ya mvua ya Machi, naye atahamisha mikebe yake chini ya baraza mawingu ya kwanza yanapokusanyika upande wa vilima vya Nandi. Anayekata wakati wa mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba, zile za opon, aongeze juma moja la kukausha, na mikebe yake iwe ndani ya nyumba, karibu na dirisha la mashariki.